Mtihani wa Kijito cha Kamunyu

Ukitoka Ruiru mjini kuelekea Kamakis, kabla pua haijaanza kunusa nyama choma, kuna daraja dogo ambalo wenye magari hulivuka bila kujua kwamba wamevuka mto. Chini yake hupita kijito kiitwacho Kamunyu. Kando ya daraja kuna ubao uliobaki siku daraja lilipojengwa, umelazwa juu ya mawe mawili ya kujengea ya Ndarugo, na ubao huo ndio benchi. Haukupigiliwa msumari, kwa hiyo wa mwisho mmoja akisimama ghafla, wa mwisho mwingine hukaa chini. Hapo Mama Kyengo huteleka birika lake la kahawa ya tangawizi, na hapo mambo ya nchi hii huamuliwa kila asubuhi kabla nchi yenyewe haijapata habari. Ijumaa hiyo benchi lilijaa mapema, kwa sababu mtoni kulikuwa na watu watatu waliovaa gambuti ndefu hadi kifuani, mmoja wao amebeba betri mgongoni, na walikuwa wanapiga samaki stima.

Mwisho wa kulia wa benchi alikaa Kivuva, mwenye karwash iliyo hapo chini kidogo ya daraja. Watu humwita Pressure kwa ajili ya mashine yake ya kurusha maji, ambayo huvuma kutwa hadi watu wa hapo hawaisikii tena. Wenye magari wanaokwenda Kamakis kula nyama hupitia kwake ili wafike waking'aa. Mashine hunyonya maji mtoni, huyarusha kwenye gari, nayo maji hurudi mtoni kwa mtaro yakiwa na povu jeupe la kupendeza. Karwash hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba, na ndiyo inayomsomesha binti yake Ndinda chuoni, karibu na Kahawa Wendani. Asubuhi hiyo Kivuva aliogopa mpaka kahawa ikampoa mkononi.

Wiki mbili nyuma alikuwa amekuja binti mmoja mpole kwa jina Rachael, kutoka ofisi inayoangalia mito. Alimweleza Kivuva kila kitu bila kuficha. Daktari humtoa mgonjwa damu akaipima, lakini mto hupimwa kwa samaki wake: wako wangapi, wa aina gani, wamekaa wapi. Wangehesabu sehemu tatu, juu ya daraja, mbele ya karwash, na chini kwenye mashamba ya nduma. Wakikuta mto unaugua kuanzia kwenye karwash, karwash itafungwa. Kisha akamwonyesha njia ya kujiokoa: achimbe shimo, alijaze mchanga na kokoto, maji ya sabuni yachujike humo kabla ya kufika mtoni. Kivuva akatazama pale ambapo shimo lingekaa. Ni pale pale gari la pili huegeshwa. Akasema atafikiria, neno ambalo kwa watu wa karwash maana yake ni hapana.

Lakini alifikiria kweli, ila si juu ya shimo. Kivuva alikuwa amelea watoto watatu wakapitia shule za nchi hii, na jambo moja alilojifunza kuhusu mtihani ni kwamba mtihani husaidiwa. Kama mto unahesabiwa samaki, basi mto uwe na samaki. Jumanne alfajiri alikwenda Juja kwa mkulima mmoja mwenye bwawa, akarudi na tilapia arobaini wazima ndani ya mapipa mawili, wamepakiwa kwenye Probox ya mteja aliyeiacha ioshwe. Akawamwaga kwa mkono wake pale pale mbele ya mtaro. Mwenye Probox alipolalamika kuhusu harufu, aliambiwa ni shampoo mpya.

Kijiweni siri hiyo aliijua mmoja tu. Huyo alikuwa Okello, fundi wa viatu, ambaye wote humwita Ziwa. Kwa sababu jina la babake ni la watu wa Ziwa Victoria, kila jambo la samaki hapo Ruiru huletwa kwake kuamuliwa. Ukweli ni kwamba Okello alizaliwa Makongeni, Thika, ziwa amelionea kwenye kalenda, na samaki hali tangu mwiba umkwame akiwa darasa la nne. Lakini alikuwa amepewa heshima, na hakuwa na moyo wa kuirudisha. Kivuva alipomuuliza anunue samaki gani, alijibu tilapia bila kusita, kwa kuwa ndiye samaki pekee aliyemjua kwa sura.

Madam Rachael na wenzake walikuwa wameanzia chini kwenye nduma na kupanda polepole. Kwenye nduma walikuta sufuri. Kwenye ukingo wa daraja alisimama Karanja, kijana wa boda, ambaye jina lake la kijiweni ni Bila Breki, kwa ajili ya pikipiki yake na mdomo wake pia. Alikuwa akitangaza kama mpira wa redioni.

— Sasa wamefika kwa karwash. Jamaa wa betri ametumbukiza kile kijiti. Madam ako na neti. Kimya. Hakuna kitu imeelea.

— Hakuna hata moja? akauliza Kivuva.

— Hakuna, buda. Imeelea chupa ya soda na slipa.

— Ya kushoto? akauliza mzee Gerishon kutoka mwisho wa pili wa benchi. Yangu ilienda na maji mwezi wa nne.

Gerishon ni karani mstaafu wa kanisa, na jina lake hapo ni Methali. Ana methali ya kila jambo, ila methali na jambo havijawahi kukutana.

Kivuva hakusikia habari za slipa. Samaki arobaini, na aliwamwaga pale pale. Wameenda wapi? Akilini mwake lilikuja jibu moja tu, kwamba wameliwa. Na kama wameliwa, wameliwa na watu anaowajua. Akaanza kukagua nyuso za wenzake mmoja baada ya mwingine, akitafuta mafuta.

— Hebu niulize tu, akasema, akijaribu kuilegeza sauti. Wiki hii nani amekula samaki?

Swali kama hilo halikuwa limewahi kuulizwa hapo.

— Mimi nilikula omena Jumatano, akasema Mama Kyengo. Ya soko.

— Omena sio shida. Wewe Karanja?

— Mimi nikule kitu iko na mifupa yote hiyo? Mimi ni mtu wa soseji za smokie.

— Na mbona mdomo yako inang'aa?

— Hii ni mafuta ya kujipaka, Pressure. Kwani leo umeandikwa askari?

— Mzee Gerishon?

— Mimi meno ya samaki yaliisha, akasema Methali. Nilibaki na ya githeri, na hayo pia ni mawili.

Ziwa akamkanyaga Kivuva mguu chini ya benchi. Kivuva akaacha kuuliza, lakini macho yake yakarudi tena kwenye midomo ya Bila Breki.

Wakati huo Mama Kyengo alikuwa ameshuka na mtungi wake kuteka maji. Hakushuka pale karibu, kando ya karwash, ambako ni hatua kumi. Alivuka barabara, akazunguka daraja, akateka upande wa juu, kisha akarudi akihema na lita ishirini. Amekuwa akifanya hivyo miaka miwili sasa, na kila mara Kivuva humchokoza.

— Mama Kyengo, maji iko hapa kwangu bure, wewe unaenda kuitafuta Murang'a.

— Ni magoti, akajibu Mama Kyengo kama ajibuvyo siku zote. Daktari alisema nitembee.

Akatua mtungi. Huko chini madam Rachael na wenzake walikuwa wametoa kanda ya kupimia na daftari, wanaandika kitu. Kile walichokuwa wakiandika kilimkata Kivuva maini.

— Atiriri, akaanza Methali. Mnajua serikali inahesabu samaki ya nini? Ni mambo ya wadi. Hii Kamunyu ikipata wakaaji wa kutosha, inakuwa wadi yake.

— Wakaaji ni samaki? akauliza Bila Breki.

— Sheria ilisema wakaaji. Haikusema wawe na miguu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na watapiga kura aje?

— Kwani wewe uliyepiga umeona nini?

Bila Breki akaliacha hilo akaleta la kwake.

— Zii, guka. Hii ni mambo ya ushuru. Ukishahesabiwa umeisha. Boda tulihesabiwa, tukaanza kulipa. Sasa ni samaki. Kila samaki anapewa namba yake. Ukimkaanga bila risiti, unalala ndani.

— Na hiyo stima ni ya nini? akauliza Mama Kyengo.

— Si ndio ya kumsajili, mathe. Wewe ulipochukua kitambulisho uliwekwa vidole kwa wino. Samaki hana kidole. So wanamsoma na stima, kama vile wewe huweka token kwa mita. Akishasomwa wanamrudisha kwa maji, lakini sasa ako kwa system.

— Wanamrudisha? Mama Kyengo akaacha kumimina. Mtu anashika samaki halafu anamrudisha?

— Nimeona na macho yangu last time. Wanampima urefu, wanamwambia asante, wanamrudisha.

Jambo hilo liliwasumbua kuliko yote yaliyotangulia. Wote wakamgeukia Ziwa.

— Ziwa, wewe ndio mwenye samaki, akasema Methali. Hii ni tabia gani?

Okello alikuwa akishona soli ya kiatu cha mtu na hakutaka kuinua kichwa. Lakini macho sita yalimngoja, na ya saba na ya nane yalikuwa ya Kivuva, yakimwomba amsaidie.

— Samaki wa hapa ni wajanja, akasema. Hiyo ndiyo maana hawaonekani kwa karwash. Wako hapo. Wakiskia stima wanaingia chini ya mawe, wanashika pumzi.

— Samaki anashika pumzi?

— Wewe ukiingia maji si unashika? Yeye akikaribia hewa anashika.

Wakalitafakari. Halikuwa na mahali pa kushikwa.

— Ndiyo wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi, akasema Methali.

— Sasa hiyo inaingia wapi, mzee? akauliza Mama Kyengo.

— Inaingia hapo hapo. Ukingoja akauke ndio umpime, anavunjika, na hesabu inaharibika.

Kivuva hakucheka. Alikuwa akimwona Ndinda anarudi nyumbani na godoro lake mgongoni. Alikuwa akiiona karwash imefungwa kwa mnyororo, na mashine yake ya pressure imekaa kimya chini ya turubai, kuku wamelala juu yake. Ameshika kazi hiyo miaka kumi na mitano na hajui nyingine. Chini kule madam Rachael alikunja kanda, akapunga mkono, na wote watatu wakaingia chini ya daraja kutokea upande wa juu.

— Wamemalizana na wewe, Pressure, akasema Bila Breki, akavuka barabara kwenda ukingo wa pili. Sasa ni upande wa huku. Jamaa anatumbukiza kijiti. Anasonga. Anasonga.

Kisha akainama juu ya ukingo, akasahau kutangaza.

— Nini? akauliza Kivuva.

— Manze. Kumeelea mnyama.

— Mnyama gani?

— Tilapia. Mkubwa kama slipa ya mzee. Wawili. Wanne. Kwani hii ni nini? Wamejaa kama watu kwa stage ya Githurai jioni.

Kivuva alisimama ghafla. Ubao ukainuka upande wake, ukashuka upande wa pili, na mzee Gerishon akajikuta ameketi chini na kikombe chake mkononi, hakumwaga hata tone. Amezoea. Kivuva alivuka barabara mbio hadi ukingo wa pili, akainama, akawaona kwa macho yake: matumbo meupe yameelea kwa dakika moja, madam anawachota kwa neti, anawatia kwenye ndoo, nao wanazinduka na kuanza kuzungukazunguka. Ni wao. Hawakuliwa. Alitamani kumwomba Bila Breki msamaha, ila angelazimika kueleza kosa lenyewe.

— Mmeona? akasema aliporudi. Si mmeona? Kamunyu iko na samaki. Mama Kyengo, mimina. Mwagia wote. Na mandazi.

— Leo umeokoka? akauliza Mama Kyengo, lakini akamimina.

— Watu walisema ati karwash inaua mto. Itauaje? Mimi ni mtu wa usafi. Kazi yangu ni kuosha. Mtu wa kuosha atachafua nini? Sabuni ikiingia kwa maji, si hata maji inaoshwa?

— Kweli kabisa, akasema Methali, akirudi kukaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Furaha ya Kivuva ilikuwa ile ile aliyoipata siku barua ya Ndinda ya chuo ilipofika. Safari hii aliinywa kahawa ikiwa moto. Lakini wenzake hawakuwa watu wa kuacha jambo liishe.

— Mimi niko hapa miaka kumi na mbili, akasema Mama Kyengo. Kwa Kamunyu nimeona vyura, nimeona kaa, nimeona hata sofa. Tilapia sijaona. Hawa wametoka wapi?

— Ndakaini, akasema Methali. Bwawa limejaa, wamehama.

— Ndakaini ni maji ya Nairobi, mzee, akasema Bila Breki. Hao walikuwa wanapelekwa Nairobi na paipu, ikapasuka njiani, wakateremkia hapa. Saa hii kuna mtu Kileleshwa anafungua mfereji akingoja samaki wake.

Kivuva akamtupia Ziwa jicho la kuomba msaada. Ziwa akaweka kiatu chini.

— Hawa ni wa Kisumu, akasema.

— Okello, mto huu na Kisumu hawajuani, akasema Methali. Huu unaingia Ruiru, unaenda Athi, unaishia bahari. Hata mimi na jiografia yangu ya zamani najua.

— Nimesema walikuja na mto? Walikuja na mvua. Upepo wa ziwa huwa unawachota, wanapanda na wingu. Hilo wingu limetembea mpaka likachoka hapa Ruiru.

— Limepita Nakuru na Naivasha yote halijachoka?

— Naivasha wako na ziwa lao. Hawawezi kubali samaki ya watu.

— Na mbona wako saizi moja? akauliza Bila Breki. Nimewaangalia. Wamelingana kama mkate wa duka.

— Ni mapacha, akasema Ziwa.

— Mapacha ishirini na kitu?

— Samaki sio kama mamako, azae mmoja mmoja apumzike.

— Okello, tosha, akasema Kivuva polepole.

— Wacha amalize, akasema Methali, aliyekuwa ameanza kuona mwanga. Samaki kushuka na wingu, hiyo nimesoma mahali. Hizi ni siku za mwisho. Karanja, angalia kama kuna nzige pia.

Bila Breki akaenda kuangalia. Hakuona nzige, ila alirudi na habari nyingine, kwamba wamerudisha samaki majini na madam Rachael anapanda huku na gambuti zake zinalia maji. Wote wakajiweka sawa. Kivuva akajipangusa mdomo. Alikuwa ameshapanga maneno yake, na alikuwa ameshapanga pia uso wa mtu ambaye mto wake umefaulu.

Rachael alifika akiwa ameloa hadi viwiko, daftari kifuani.

— Habari zenu, wazee. Mama, kuna kahawa imebaki?

— Kikombe kimoja, akasema Mama Kyengo, akainamisha birika hadi likatoa la mwisho. Wakasogeana, madam akakaa katikati ya benchi, kati ya Ziwa na Kivuva.

— Hongera, madam, akasema Kivuva. Nimeskia mmepata samaki.

— Tumepata. Tilapia ishirini na watatu tuliowafikia, na bado kuna wengine kwa vina.

— Si ndio hiyo. Mto uko sawa.

Rachael akanywa kidogo, akashika kikombe kwa mikono miwili kujipasha joto.

— Hao tilapia si wa mto huu, akasema bila ukali. Wote saizi moja, hakuna mtoto, hakuna mzee. Hao wametoka kwa bwawa la mtu. Aliyewaleta anajijua, na mimi hiyo sitauliza.

Okello akatazama juu, kana kwamba lile wingu lake lingeweza kurudi kumchukua.

— Kuna kitu kingine kinanisumbua, na nyinyi ndio mnaweza kunisaidia, akaendelea Rachael. Mnakaa hapa kila siku, huu mto mnaujua kuliko mimi. Hapa juu ya daraja hao tilapia wamejaa mpaka wanasukumana, hawana hata nafasi ya kula. Na wale wadogo wa mto wenyewe, wa kidole hivi, nao wako hapo hapo. Lakini kutoka kwa ule mtaro kwenda chini hakuna mkubwa wala mdogo. Na hakuna ukuta, hakuna wavu, maji yanashuka tu. Kwa nini wao hawashuki?

Aliuliza hivyo, akawatazama mmoja mmoja, akingoja.

Bila Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane hapo, akafunga breki. Ziwa aliokota kiatu akakikuta kimeshashonwa. Mzee Gerishon alinyoosha kidole, kama afanyavyo kila methali inapomjia, akakaa nacho hivyo hewani, kisha akakirudisha mfukoni kikiwa kitupu. Katika kimya hicho mashine ya pressure ikasikika. Ilikuwa ikivuma tangu asubuhi, na tangu miaka kumi na mitano, lakini sasa wote waliisikia.

Kivuva peke yake alijua jambo ambalo hata madam hakulijua. Samaki wale hakuwamwaga juu ya daraja. Aliwamwaga chini, mbele ya mtaro, mahali palipo na kina na kivuli kizuri. Walikuwa samaki wa bwawa, ambao tangu wazaliwe hawajawahi kusukumwa na maji, na bado walipinda migongo wakapanda mkondo, wakapita chini ya daraja, wakaenda kubanana huko juu. Aliwaleta wamtetee. Wao wakaonja maji yake mara moja wakatoka.

Mama Kyengo alikuwa akisuuza vikombe kwa maji ya mtungi. Kivuva akautazama mtungi ule. Alitazama zile hatua kumi hadi karwash, kisha barabara, kisha njia yote ya kuzunguka daraja.

— Mama Kyengo, akasema. Hayo magoti yako. Ni daktari gani alikuambia utembee?

Mama Kyengo akaendelea kupangusa kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka.

— Kunywa kahawa yako, Pressure, akasema kwa upole.

Kivuva aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Miaka miwili mama wa watu amebeba lita ishirini akivuka barabara ya malori, ili asimwambie jirani yake neno moja. Na yeye kila siku alimcheka. Alimtazama madam, akaona bado anangoja jibu, na hana haraka. Alifikiri kumwambia. Lakini maneno yaliyomjia yote yalikuwa yale yale ya sabuni na usafi, na kwa mara ya kwanza yalimchosha mwenyewe.

Akasimama. Alisimama taratibu, mkono mmoja ukiushikilia ubao mpaka mzee Gerishon alipojikamata vizuri upande wa pili. Kisha akaenda ukingoni akamwita kibarua wake wa karwash, Nzioki, mtu mzima mwenye bomba mkononi na Premio ya mteja mbele yake.

— Nzioki. Zima mashine.

— Gari iko na povu nusu, boss, Nzioki akajibu kutoka chini. Mwenyewe anangojwa Kamakis.

— Zima. Hiyo utaimalizia na kitambaa. Halafu uniletee jembe.

Mashine ikazimwa. Ghafla Kamunyu ikasikika ikipita kwenye mawe, sauti nyembamba ambayo wengi wa pale benchini hawakukumbuka kwamba inayo.

— Jembe ya nini kwa karwash? akauliza Nzioki.

Hakuna aliyemjibu. Kivuva alikuwa ameshateremka, na alikuwa akipima kwa hatua pale ambapo gari la pili huegeshwa.